Kina mama wa sokoni tayari wanafanya kazi. Kituo cha watoto kitawaongezea nini?

Swali: "Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake sokoni, wilaya ya Temeke, Dar es Salaam. Tuko 41. Tunataka kufungua kituo cha kulelea watoto hapa hapa sokoni kwa mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri. Tumepiga hesabu ya watoto 30, kila mtoto 2,000 kwa siku, uji na chakula cha mchana vikiwa ndani. Wengi wanasema hiyo hawaiwezi, wanataka 1,000, na wachache wanataka bure kabisa. Mwenyekiti wa soko anatukatisha tamaa. Anasema kina mama wote hapa tayari wanafanya kazi na watoto wao wapo, kwa hiyo kituo cha bei nafuu hakitaongeza ajira hata moja, kitawapunguzia gharama tu wale wenye dada wa kazi. Na mama mmoja mtu mzima ameniambia mtoto anayelelewa kwenye kundi hukua mkorofi. Nani yuko sahihi? Na tutoze ngapi?"

Dada katibu, hongera kwanza kwa kupiga hesabu kabla ya kuchukua fomu. Vikundi vingi huenda kinyume: hela inaingia kwenye akaunti, ndipo daftari linafunguliwa.

Nianze na mwenyekiti, maana hoja yake ndiyo nzito, na kashika nusu ya ukweli. Katika nchi nyingi tajiri mama akijifungua huweza kukaa nyumbani mwaka au miaka, na huko swali la kwanza huwa ni kama atarudi kazini au la. Kwetu, mwanamke wa kipato cha chini hana huko "kukaa nyumbani". Akikaa siku tatu mtaji umeliwa. Kwa hiyo mtu akija sokoni kwenu na karatasi yenye viboksi viwili, anafanya kazi na hafanyi kazi, atawaweka wote 41 kwenye kiboksi cha kwanza, kabla na baada ya kituo. Kwa kipimo hicho mwenyekiti ameshinda.

Sasa mchukue mama mmoja muuza nyanya mwenye mtoto wa mwaka na miezi miwili, umwangalie siku nzima. Alfajiri hakwenda Ilala kufuata mzigo, kwa sababu hana wa kumwachia mtoto saa kumi usiku na bodaboda hazibebi tenga na mtoto pamoja. Amenunua kwa mwenzake aliyekwenda, ambaye naye ameweka chake juu. Saa nne mtoto amelala kwenye boksi chini ya meza, kafunikwa khanga. Akiamka, mama anainama kumsafisha, na mteja aliyekuwa ameshika fungu mkononi anasogea meza ya jirani. Saa tisa jua limemchosha mtoto, analia, na mama anauza mafungu yaliyobaki kwa bei ya kutupa ili aondoke. Anafunga meza kabla ya saa kumi na moja, wakati watu wanashuka kwenye daladala na kununua mboga ya usiku. Amenunua kwa bei mbaya, ameuza nusu ya siku, na saa nzuri kuliko zote zimempita. Bado kwenye ile karatasi ni "anafanya kazi".

Hicho ndicho kitu ambacho kituo kinakigusa. Kwenye maisha ya huyu mama kazi ilikuwepo siku zote. Kinachobadilika ni saa zake, bei anayonunulia mzigo na utulivu wa kukaa na mteja.

Siyasemi haya kwa kukisia. Jaribio linalofanana zaidi na soko lenu lilifanyika Korogocho, mtaa wa mabanda wa Nairobi, kati ya mwaka 2015 na 2016, na watafiti wa kituo cha utafiti cha APHRC pamoja na Chuo Kikuu cha McGill cha Kanada. Walichagua kwa bahati nasibu baadhi ya kina mama wenye watoto wadogo wakawapa vocha za kulipia vituo vya kulelea watoto vilivyokuwa tayari mtaani, kisha wakawalinganisha na wenzao ambao hawakupewa. Waliopata vocha walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi, kwa pointi 8.5 za asilimia. Yaani katika kila kina mama 100, kama 8 au 9 zaidi walikuwa na kazi, takribani asilimia 17 juu ya wenzao.

Lakini nakuomba usimkimbilie mwenyekiti na namba hiyo peke yake. Ukiipasua ndani, utakuta karibu yote inatoka kwa kina mama walioolewa. Hao ndio waliokuwa na nafasi ya kukaa nyumbani, maana kuna mwingine anayeleta unga, na mlezi alipopatikana kwa bei nafuu wakatoka. Kwa kina mama wanaolea peke yao, ajira haikuongezeka. Walikuwa tayari wanafanya kazi, kama anavyosema mwenyekiti wako, kwa sababu hakuna mwingine wa kuleta huo unga. Wao walifaidika kwa njia nyingine: walihamia kwenye kazi zenye saa zinazoeleweka na wakapunguza muda wa kufanya kazi bila kipato chao kushuka. Kwa mtu ambaye saa kumi alfajiri yuko macho na saa nne usiku bado yuko macho, kupata saa mbili bila kupoteza shilingi ni jambo kubwa, hata kama halionekani kwenye takwimu ya ajira.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kama kituo "kitaongeza ajira", jueni kwanza katika wale 41 ni wangapi wanalea peke yao na wangapi wana wenza. Majibu yatakuwa mawili tofauti ndani ya kikundi kimoja.

Hoja ya pili ya mwenyekiti, kwamba ruzuku itawanufaisha wenye dada wa kazi, nayo ina historia. Norway ilipitisha sheria ya chekechea mwaka 1975 na kuongeza vituo vya ruzuku kwa kasi. Wachumi Tarjei Havnes na Magne Mogstad walipochunguza matokeo miaka mingi baadaye, walikuta ajira za kina mama hazikuongezeka kwa kiasi cha kutajika. Vituo vilichukua nafasi ya walezi wasio rasmi waliokuwepo kabla yake. Mwenyekiti angefurahi kusikia hayo. Ila watafiti hao hao waliwafuatilia wale watoto hadi utu uzima, wakakuta waliopitia vituo walisoma zaidi na kufanya vizuri zaidi kwenye ajira.

Ndiyo maana mimi husisitiza kuuliza swali moja ambalo kwenye vikao huwa linarukwa: hivi sasa, saa hii, mtoto yuko na nani? Kama yuko na bibi mwenye nguvu na moyo wa kulea, kituo kitambadilishia tu mahali. Kama yuko na dada yake wa miaka kumi na moja ambaye leo hakwenda shule, basi hata kama mama hataongeza saa moja ya kuuza, kuna msichana atakayerudi darasani, na kituo kimeshalipa. Na dada wa kazi mwenyewe, mara nyingi ni binti wa miaka kumi na tano au kumi na sita kutoka kijijini, anayelea watoto wa mwenzie huku akilala jikoni. Hilo ni somo la siku nyingine, lakini tusijifanye hatulioni.

Huyo mama mtu mzima, aliyesema mtoto wa kwenye kundi hukua mkorofi, naye usimpuuze. Jimbo la Quebec, Kanada, lilianza mwaka 1997 kutoa malezi ya watoto kwa dola 5 kwa siku, na kufikia mwaka 2000 watoto wote walio chini ya miaka mitano walikuwa wanastahili. Kazi kwa kina mama wenye wenza ilipanda kwa karibu pointi 8 za asilimia, na huo ni mfano unaonukuliwa kila mahali. Kinachonukuliwa mara chache ni kwamba wachumi Michael Baker, Jonathan Gruber na Kevin Milligan walikuta pia watoto wa kipindi kile wana wasiwasi zaidi na ugomvi zaidi. Mpango ulikua haraka kuliko uwezo wa kuandaa walezi, na vituo vya kibiashara vilivyojazia pengo vilipimwa vikaonekana hafifu kuliko vile vya kijamii. Chukua hapo kipimo chako cha ubora: mtoto amebebwa mara ngapi, ameongeleshwa na nani, mlezi mmoja ana watoto wangapi, na je, mwezi ujao mlezi atakuwa yule yule? Chumba chenye watoto 30, luninga, na binti mmoja aliyechoka kitamthibitishia yule mama kila alilosema.

Sasa bei. Hapa ndipo nina wasiwasi nanyi zaidi.

Watoto 30 kwa 2,000 ni 60,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 1,560,000 kwa mwezi. Tuseme mna walezi watatu, kila mmoja 250,000, hiyo ni 750,000, na kama mnapokea watoto wa kunyonya, walezi hao watatu hawatoshi. Uji na chakula cha mchana, tuseme 1,000 kwa mtoto kwa siku bila kupunja, ni 780,000. Jumla 1,530,000. Mmebakiwa na 30,000 kwa mwezi kulipia chumba, maji, sabuni, mkaa, na marejesho ya mkopo. Kwa 1,000 kwa siku, mapato yote ni 780,000, yaani yanaishia kwenye sufuria na walezi hawajalipwa.

Na hesabu hiyo inadhani watoto 30 wanakuja kila siku. Hawatakuja. Watoto huugua, mvua za masika hukata soko, na mama ambaye hajauza jana leo atamrudisha mtoto chini ya meza. Malipo ya siku yanamfaa mama kwa sababu kipato chake ni cha siku, ila mlezi anataka mshahara wa mwezi, na pengo kati ya hivyo viwili linabebwa na kikundi. Kule Ouagadougou, Burkina Faso, walipofungua vituo kwa ajili ya kina mama wanaofanya vibarua vya miradi ya umma mjini, robo tu ya waliopewa nafasi ndio walivitumia. Matokeo kwa ujumla yalikuwa mazuri, ajira na hali ya fedha za kina mama viliboreka, lakini angekuwa mtu amekopa kwa kutegemea vyumba kujaa, angekuwa taabani.

Msichanganye mkopo na ruzuku. Mkopo wa halmashauri, yaani fungu la wanawake la asilimia 4 ndani ya ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, hauna riba, na ni bora mara mia kuliko kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, lakini unarudishwa. Unafaa kwa kitu kinachozaa pesa ya kujirudisha. Kituo cha bei nafuu kwa hesabu yake chenyewe hakizai, la sivyo kisingekuwa cha bei nafuu. Mkikikopea halafu mkatoza 1,000, ruzuku itakuwa imetoka kwenye mifuko yenu 41, na mtaigundua siku ya kuitwa ofisini kwa marejesho.

Ruzuku lazima itoke kwa mtu mwingine, na si lazima iwe noti. Chumba ndani ya soko bila kodi ni ruzuku. Maji ya bomba la soko ni ruzuku. Ninyi mnalipa ushuru wa meza kila siku. Kuuomba uongozi wa soko na diwani wenu sehemu ya ushuru huo iende kwenye mshahara wa mlezi mmoja ni ombi halali kabisa, na hapo mwenyekiti atalazimika kutoa jibu la maana kuliko lile alilowapa. Halmashauri nayo inajua msamiati huu: Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Dodoma Desemba 2021 na inahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Mkiandika barua, itajeni.

Ukinibana niseme bei, mkishaipata hiyo ruzuku, ningesema hivi: msitoze sawa. Wekeni 1,500 ya kawaida, 1,000 kwa mtoto wa pili wa mama mmoja, na nafasi chache za bure kwa wanaolea peke yao wenye watoto wadogo sana. Mtoto wa pili nimemtaja kwa makusudi. Mama anayebakiwa na 6,000 kwa siku akimleta mtoto mmoja kwa 2,000 anahitaji saa zile za ziada zimwingizie zaidi ya 2,000 ndipo aone faida. Akiwa na wawili anahitaji 4,000, na hapo wengi huacha. Bure kwa wote siipendi kwenu, si kwa sababu watu hawathamini cha bure, hiyo ni kauli ya wenye nazo, ila kwa sababu hamna mfadhili wa kudumu na kituo kikifungwa mwezi wa nne mtakuwa mmewaumiza watoto waliokwisha kuzoea.

Kuna jambo ningeliweka mbele hata ya bei, nalo ni saa. Mkifungua saa moja na nusu asubuhi na kufunga saa tisa, mmewasaidia waajiriwa wa ofisini, na hao hamnao. Mkaanga samaki wenu yuko soko la samaki la Feri alfajiri. Muuza mboga anahitaji jioni. Bora kituo cha watoto 15 kinachofunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa moja usiku, kwa walezi wa zamu, kuliko cha 30 chenye saa za shule. Hata mtoto wa miaka mitano, ambaye tangu mwaka 2016 anasoma awali bila ada, hutoka mapema, na kuanzia hapo ni wenu tena. Upande wa pili kuna kichanga. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Muuza nyanya hana mwajiri, anarudi mfuko unapomwambia arudi. Faida kubwa ya kituo cha ndani ya soko, ambayo cha mtaani hakina, ni mama kutembea hatua hamsini kwenda kunyonyesha na kurudi mezani.

Nikueleze pia ambayo kituo hakitafanya. Hakileti wateja. Kama wanawake ishirini wa soko moja wataongeza saa tatu za kuuza nyanya zile zile kwa watu wale wale, sehemu ya faida watanyang'anyana wenyewe. Anayenufaika zaidi ni yule atakayetumia ule muda kubadilisha kitu: kufuata mzigo mwenyewe, kupika, kushona, kupeleka bidhaa kwenye mahoteli. Wala hakimpunguzii kufua na kupika usiku. Na nyumba zinatofautiana. Jaribio jingine, la Uganda, liligundua kwamba malezi ya ruzuku yaliinua kipato cha familia, na sehemu ya ongezeko ilitoka kwa akina baba, mishahara yao ilipanda. Baba naye kumbe alikuwa amefungwa na ulezi kuliko inavyokubalika kusemwa kijiweni. Waiteni kwenye kikao kimoja.

Msifungue mlango kabla hamjaonana ana kwa ana na afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe, na yeye ndiye atakayewaambia kibali chenu kinaruhusu watoto wa umri gani, jambo ambalo litabadilisha hesabu nzima ya walezi. Afisa afya aje aone choo na mahali pa kupikia. Sokoni kipindupindu si hadithi. Fomu ya mkopo ni kwa afisa maendeleo ya jamii. Mtoto ambaye haongezeki uzito, au kwa umri wake angekuwa ameshakaa au kutamka maneno na bado, msimkalie kimya wala msimpe dawa za jirani, aende kliniki. Mkimshuku mtu kwamba anamdhuru mtoto, awe mlezi au mzazi, namba 116 ni ya bure.

Lakini wiki hii usiende ofisi yoyote. Nunua daftari la kawaida, chagua siku tatu, moja iwe Jumamosi, na upite meza hadi meza saa tatu asubuhi, halafu tena saa kumi jioni. Andika mtoto ana umri gani, yuko wapi saa hiyo, yuko na nani, mama alinunua mzigo wapi na atafunga saa ngapi. Mpe mwenyekiti nakala, mwombe aongeze jina lolote ambalo anaona umeliruka.